Baba na Wanyataji wa Tassia

Niliwahi kusimamishwa chamani wiki mbili kwa sababu ya paka.

Paka mwenyewe hakuwa wa kweli. Alikuwa ndani ya gemu, amekaa juu ya ukuta wa jumba nililokuwa nikiingia kuiba barua, na nilipopita chini yake akageuza kichwa. Askari wote wa jumba lile hawakuniona. Mbwa hakuninusa. Lakini mwenyekiti wetu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, alisimamisha mchezo na kuuliza kwa sauti ya hakimu, "Huyo paka amekuona, au hajakuona?"

Kikao kiliitwa papo hapo. Tulianza kwa sala, tukasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha watu wazima sita, wenye vitambulisho na kazi zao, tukajadili macho ya paka kwa saa nzima. Kura zilikuwa tano kwa moja. Hiyo moja ilikuwa yangu.

Kwa asiyezijua gemu za kunyata, ni hivi. Unapewa mtu wa kumwendesha kwenye televisheni. Anaingia mahali panapolindwa, anachukua kitu, anatoka. Unaweza kupita kimyakimya kwenye vivuli hadi mwisho bila askari yeyote kujua kwamba ulikuwepo. Unaweza pia kumnyemelea kila askari kwa nyuma, ukamkaba shingo, ukamficha pipani, kisha ukatembea ndani kama mwenye nyumba. Gemu yenyewe haijali. Njia zote mbili zinakufikisha.

Sisi tulijali. Chama chetu kiliitwa Wanyataji wa Tassia na katiba yake ilitoshea ukurasa mmoja: usionekane, usisikike, usimguse mtu. Tulikutana kila siku mchana katika chumba cha gemu kilichokuwa chini ya ploti yetu, jengo la ghorofa tulilopanga mtaani Tassia. Zamani kilikuwa saluni, na mwenye chumba alipobadilisha biashara hakuziondoa zile mashine za kukaushia nywele zilizofungwa ukutani. Kwa hiyo tulicheza tumekaa kwenye viti vya saluni, kila mmoja na chungu cha plastiki juu ya kichwa chake kama askofu. Cha katikati kilikuwa cha mwenyekiti. Hakuna aliyethubutu kukikalia hata asipokuwepo.

Mimi wakati huo nilikuwa nikipakia ndoo na mabeseni katika kiwanda cha plastiki zamu ya asubuhi, na saa nane nilikuwa nimerudi. Kazini sikuwa mtu. Msimamizi wetu aliniita "wewe wa vifuniko" miaka miwili mizima. Lakini nikikaa pale chini ya mashine ya nywele nilikuwa miongoni mwa wachezaji safi wa Tassia, na nakiri kwamba usafi ule ulinipanda kichwani.

Aliyeonja dharau yetu zaidi ya wote alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuja kila alipomaliza mauzo ya asubuhi, akaweka karai lake mlangoni, akafuta mikono kwa leso, akashika padi, kile kidude chenye vitufe, na kuanza kuua. Aliua huku akicheka. Aliua hata askari ambao hawakuwa njiani kwake, mmoja akiwa amegeukia ukuta akikojoa.

"Umemaliza," mwenyekiti alimwambia siku moja, "lakini hukucheza."

"Nimeonekana na nani?" mama akauliza.

"Hatusemi hivyo..."

"Nimeonekana na nani? Waulize askari."

"Tutawaulizaje na umewaua wote?"

"Basi hakuna aliyeniona."

Mwenyekiti alifumba macho kama mtu anayeumwa na jino. Baada ya hapo tuliazimia, na ikaandikwa, kwamba mwanachama asimsalimie mama huyo akiwa ameshika padi. Tulimwita Mchinjaji, naye hakukasirika. Alidhani tunamsifu.

Baba yangu aliingia katika mambo haya kwa sababu ya maji.

Tuliishi pamoja, mimi na yeye, chumba kimoja ghorofa ya nne. Mama alikuwa nyumbani Magharibi na wadogo zangu. Baba alikuwa askari wa zamu ya usiku katika ghala moja Eneo la Viwanda, kazi aliyoifanya tangu nikiwa darasa la kwanza. Mchana alilala. Nilikuwa nimemdanganya kwamba saa zile mimi ninasomea kompyuta. Jumatano moja maji ya mgao yakafunguliwa, foleni ya mitungi ikajaa uani, naye akashuka kunitafuta akiwa na fulana na ndala. Mtu akamwonyesha mlango wa chumba cha gemu.

"Mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Maji yamekuja. Hii ndiyo kompyuta?"

Macho yake yalikuwa yameshaenda kwenye televisheni. Muuza omena alikuwa amemaliza kumkaba askari mmoja kijana, na sasa alikuwa akimkunja ili aingie kwenye pipa. Alipofunga kifuniko, mguu ulibaki nje. Akafungua, akausukuma ndani, akafunga tena.

"Huyo amekosa nini?" baba aliuliza.

"Nani, baba?" muuza omena akajibu bila kugeuka.

"Huyo askari."

"Hajakosa. Alikuwa njiani kwangu."

"Yeye njiani kwako, au wewe kazini kwake?"

Mwenyekiti, kwa furaha ya kupata mtu wa upande wetu, alimpisha baba kiti kilichokuwa karibu na chake. Baba akaketi chini ya mashine ya nywele. Maji yalikuja, yakaenda, na mitungi yetu ikabaki mitupu.

Mwenyekiti alimpa padi kwa upole ule wa mtu anayejua kwamba utashindwa. Baba alichukua muda mrefu akiangalia mawingu, kwa maana hakujua kwamba kitufe kimoja ni cha kuinua macho na kingine cha kutembea. Alipojua kutembea, alimwendea askari wa langoni moja kwa moja, barabarani, kwenye taa. Akapigwa risasi.

"Sijamwambia hata habari yako," alisema.

Alirudia. Akapigwa tena. Mara hii aliiweka padi magotini na kutugeukia sote kama anayetoa malalamiko. "Huyu hajafundishwa. Mtu akija langoni unamwambia simama. Unamuuliza wewe ni nani, unaenda kwa nani. Kitambulisho kiko wapi. Risasi ni mambo ya baadaye kabisa. Nani amewaajiri hawa?"

Mara ya tatu alijificha kwenye kichaka na hakutoka. Tulingoja. Mwenyekiti alimnong'oneza kwamba sasa njia iko wazi, anaweza kupita. Baba akamwonyesha kiganja: tulia. Alikuwa akiwatazama askari wakizunguka. Saa aliyolipiwa ikaisha akiwa bado kichakani, uso umetulia kama wa mtu aliyefika kwake.

Kesho yake alirudi saa tisa, akiwa ameshavaa sare ya kazi, na daftari. Kila askari wa ghala ana daftari la matukio, ambamo huandika kila kilichotokea zamuni mwake hata kama hakikutokea. Baba alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, na kuanza kuandika habari za askari wa kwenye gemu. Nakumbuka baadhi ya maneno yake:

"Namba mbili amepita mlango wa kusini. Hali shwari. Namba nne amesimama dirishani akiangalia nje bila sababu. Namba tano amesikia chupa ikivunjika, hakwenda kuangalia."

Hili la chupa lilimkera sana. Katika gemu zile, ukitaka kumtoa askari mahali pake unarusha chupa upande mwingine. Anakwenda, anatazama kidogo, anasema neno, anarudi. Wanasema kwa Kiingereza na kwa haraka, kwa hiyo baba aliniuliza.

"Anasema nini?"

"Anasema labda ni upepo."

"Upepo unarusha chupa?"

"Ndivyo anavyosema, baba."

"Huyo afutwe kazi leo."

Mwenyekiti alipoliona daftari alibadilika rangi. Sisi tulijivunia kujua mizunguko ya askari kwa kubahatisha na kuzoea. Baba aliiandika yote, pamoja na mahali ambapo namba tatu na namba sita wangekutana na kupeana migongo. Alijua mapema nani atachoka. Alijua kwamba askari wa darini ana goti baya, kwa jinsi alivyoshuka ngazi, jambo ambalo naamini hata waliotengeneza gemu hawakulijua. Kikao cha wiki ile kilipitisha kwa kauli moja kwamba baba awe mlezi wa chama. Alikubali kwa sharti kwamba tuache kuwaita askari wale mafala. Sharti likaandikwa.

Miezi miwili ikapita hivyo. Nilikuwa nikitoka kiwandani mbio, nikifika namkuta baba ameshakaa kitini, kofia ya kazi magotini. Sijawahi kuongea na baba kiasi kile. Nyumbani tulikuwa watu wa "umekula?" na "funga mlango."

Muuza omena ndiye aliyeleta mashindano. Alisema amechoka kutosalimiwa. Kama sisi ni bora, tucheze hatua ya mwisho, ile ya kuiba faili kwenye ghala, mbele ya watu wote, na mlezi wetu mwenyewe aamue nani amecheza vizuri. Mwenyekiti hakuweza kukataa mbele ya watu.

Jumamosi mchana chumba kilifurika. Hata wachezaji wa gemu za mpira walizima zao wakaja kusimama nyuma. Mwenyekiti alianza. Alicheza saa moja na robo, na sijaona mtu akicheza safi kama alivyocheza siku ile. Hakugusa mtu, hakukanyaga jani. Kufikia katikati, nusu ya watazamaji walikuwa wamelala kwenye viti vya saluni na mmoja alikuwa anakoroma.

Muuza omena alitumia dakika chache tu. Watu waliamka. Walipiga kelele kila askari alipoanguka. Alipofika kwa askari wa mwisho, alimkaba, akamtia kwenye pipa, akafunga kifuniko na kukipiga makofi mawili, kama anayefunga ndoo ya unga. Chumba kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka.

Baba alisema, "Mimi nimewahi kutiwa kwenye pipa."

Walidhani ni mzaha, kicheko kikaongezeka. Kisha wakamtazama, na kikapungua, kikaisha.

"La sabuni," alisema. "Lilikuwa tupu lakini lina harufu. Walikuwa watatu, mmoja akanikaba hapa. Nilikaa humo hadi zamu ya asubuhi ilipokuja ikasikia nikigonga. Wakafungua. Swali la kwanza wakaniuliza wamechukua nini."

Nilikuwa kidato cha pili mwaka ule. Nakumbuka alivyokuja nyumbani Magharibi na shingo imefungwa, akatuambia ameteleza kwenye ngazi. Tulimcheka. Mdogo wangu alimwigiza akianguka, na baba akacheka pamoja nasi. Sasa nilikuwa nimekaa karibu naye na mikono yangu miwili, nisijue pa kuiweka.

Muuza omena alikuwa ameanza kulia. "Baba," alisema, "walikukaba vile mimi hukaba?"

Baba alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Wewe unakaba vizuri zaidi. Wao walikuwa hawajui. Walinikaba mpaka wao wenyewe wakachoka."

"Nisamehe."

"Wewe hujanifanya kitu." Akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo, na mimi nijaribu."

Hakuna aliyemtarajia kucheza, alikuwa mwamuzi. Lakini nani angemkatalia? Alifungua daftari, akaliweka kwenye paja langu ili nimfunulie kurasa, na akaingia. Kwa mara ya kwanza niliona mtu akinyata bila kuharakisha na bila kuogopa. Alipita kati ya namba tatu na namba sita walipopeana migongo. Alipanda ngazi wakati yule wa goti baya anashuka nyingine. Njiani alikuta bomba linalodondosha maji, lile ambalo wachezaji hulifungua kabisa ili kuwavuta askari. Akalifunga. Akakuta mlango wa stoo uko wazi, akaufunga pia. Tulikuwa tumesimama wote. Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa.

Baba akaingia ofisini. Faili ilikuwa mezani, inang'aa ili ionekane. Akaikaribia, akaitazama, akazunguka meza mara moja. Kisha akatoka, akashuka, akapita uani, akapita langoni, akasimama barabarani.

"Mzee," mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo, "hujachukua faili."

"Nimeiona. Ipo."

"Lakini ulikwenda kuichukua."

"Mimi? Mimi siibi."

Kwenye televisheni sauti ilianza kumsemesha kwa Kiingereza, tena na tena. Katika hatua ile kuna mkubwa wako anayekuelekeza kwa redio.

"Nani huyo?" baba aliuliza.

"Ni bosi wako," nikamwambia. "Anasema urudi uchukue faili."

"Mwambie faili iko salama."

Akanipa padi, akavaa kofia, akaenda kazini. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote. Ajenda ilikuwa moja: mlezi ameshinda, au hajamaliza? Katibu alisema mtu ambaye hakuchukua faili hajacheza. Mwingine akauliza katiba inasema wapi kuhusu faili. Tukaisoma. Haisemi. Usionekane, usisikike, usimguse mtu, basi. Na baba alikuwa ametimiza yote na kuongeza la nne ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria, kutochukua kitu. Mwenyekiti alikuwa akiikunja na kuikunjua katiba, chungu cha plastiki kichwani. Niliona kwamba kuna kitu kimemvunjika. Maisha yake yote pale yalisimama juu ya kuwa msafi kuliko wote, na sasa ametokea mzee wa sare aliyemfanya aonekane mwizi.

Jumatatu mwenyekiti alilipia saa nzima na hakuvuka lango la ghala. Alisimama nje kwenye giza, hakuonekana, akaondoka. Siku zilizofuata alisogea nyuma zaidi, hadi kwenye gari ambalo mtu wake wa gemu alikuja nalo. Wiki ya pili nilimkuta amekaa kitini, padi mkononi, mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ninacheza."

Mwenye chumba hakulalamika, bili ya stima ilikuwa ikipungua. Wanachama wawili walijiunga naye. Walikaa watatu mbele ya kioo cheusi, wakipongezana kwa minong'ono. Kijana mmoja wa gemu za mpira alikuja kuomba ile televisheni kwa kuwa haina mtu. Mwenyekiti, bila kumtazama, alimwambia, "Nenda. Hujatuona."

"Nawaona lakini."

Wakamwandikia barua ya kumpiga marufuku kuingia. Kijana aliisoma, akaiweka mfukoni, akawasha televisheni, akaanza kucheza mpira.

Mimi sikuweza kuwafuata huko. Siku moja nilihama kiti nikakaa na muuza omena. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini, alinisogezea tu leso nifute mikono. Aliendelea kukaba, lakini baada ya baba kusema yale hakumtia tena mtu pipani. Aliwabeba mmoja mmoja akawalaza chini ya mti, wamepangwa bega kwa bega, na kila mmoja alimwambia, "Pole, afande, lala kidogo." Hatua iliyokuwa ikimchukua dakika chache sasa ilimchukua mchana mzima. Alinifundisha. "Polepole," alisema nilipomkaba wa kwanza. "Shika kichwa. Usimwangushe, ana watoto." Siku hiyo hiyo jina langu likakatwa kwenye kitabu cha chama, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyotazamia.

Baba aliacha mwenyewe. Kampuni yake ilimhamishia zamu ya mchana kwenye jengo la maduka huko Umoja, akawa anarudi jioni amechoka. Alisema pia kwamba ile gemu ilikuwa kama kufanya kazi mara mbili. Jioni moja, tukila, nilimwomba anionyeshe shingo. Alijifanya hakusikia, akamega ugali, kisha akavuta kola. Hakukuwa na kitu cha kuonekana.

"Bado inauma?"

"Julai. Baridi ikiingia inakaza."

Nilikwenda soko la mitumba la Gikomba nikamtafutia skafu. Nene iliyobaki ilikuwa moja tu, ya waridi, yenye manyoya na vishada pembeni, bila shaka ilikuwa ya msichana wa huko ng'ambo. Baba alipoivaa kazini, msimamizi wake alimwambia si sehemu ya sare na aivue. Baba hakubishana naye. Alikwenda nyuma ya kibanda cha langoni, akaizungusha upya, akaifungia vifungo vya sweta juu yake hadi kidevuni, akarudi kusimama mahali pake. Unyoya mmoja mmoja ulikuwa ukimtokea kwenye kola, na watu walioingia madukani walimsalimu wakitabasamu, naye akawauliza wao ni nani na wanakwenda kwa nani.